Kaburi la Upande wa Mchanga

Kisiwa cha Karange hakichimbiki. Ukisimama pwani ya Tongoni ukakitazama, unaona mstari wa kijani juu ya maji, na mgeni hudhani chini yake kuna udongo kama wa shambani kwao. Hakuna. Ni jiwe tupu, mwamba wenye matundu na ncha kali zinazomaliza kandambili kwa siku moja, na miti iliyoota humo imepenyeza mizizi kwenye nyufa kwa ubishi tu. Upande unaotazama bara ni mikoko na tope. Upande wa bahari kuu mwamba umesimama kama ukuta. Pa kuchimba ni mahali pamoja tu, ulimi wa mchanga ulio kaskazini ya kisiwa, na hapo ndipo wavuvi wanapopiga kambi, wanapoanika samaki, wanapolala na, ikibidi, wanapozika.

Naanza na jiwe kwa sababu watu wa mjini huniuliza swali lile lile: mbona mlimzika karibu na maji hivyo? Huuliza kana kwamba tulikuwa na uwanja wa kuchagua. Mimi mwenyewe ni mtu wa mjini siku hizi, nakaa Nguvumali, ni fundi wa friji, kwa hiyo nawajua. Wanadhani ardhi yote ya Mungu inakubali jembe.

Kwetu ni Tongoni. Mama yangu alizaa wawili, mimi na mdogo wangu. Mimi nilikimbilia mjini kujifunza ufundi kwa sababu bahari ilikuwa inanitapisha. Yeye alibaki, akavua. Hakuwa mvuvi wa kusifiwa, wala hakuwa mvivu. Alioa, wakaachana bila mtoto na bila kelele, akarudi kula kwa mama. Kila msimu alikwenda dago.

Dago ni kambi ya wavuvi. Wanaume hufunga madumu ya maji, unga, chumvi na betri za redio, wakahamia kisiwani kwa majuma kadhaa, maana huko samaki wako karibu na safari ya kila siku hula mafuta. Kisiwani hakuna kisima, hakuna duka, na simu hupata mtandao ukisimama juu ya jiwe moja tu ambalo limesuguliwa na miguu mpaka linang'aa. Hulala chini ya turubai kama ndugu. Nguo huanikwa kwenye kamba moja, na anayeamka kwanza huvaa iliyokauka. Mdogo wangu alikuwa akirudi nyumbani na fulana za watu, mama akafua, akamrudishia akazivae tena. Ndiyo maisha ya dago, hakuna aliyeyaona kuwa ni tatizo.

Msimu ule alikuwa na mwenzake mmoja, kijana wa Kikristo aliyekulia kwenye kambi ya mkonge huko upande wa Muheza. Wazazi wake walishuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, na yeye mkonge ukamchosha akaja pwani kujifunza bahari akiwa mtu mzima. Wenzake walimtania kwamba anaogelea kama mbuzi. Mdogo wangu ndiye aliyemchukua na kumfundisha kutega madema, ile mitego ya kusuka inayozamishwa kwa mawe. Asubuhi moja walitoka wawili kwa ngalawa kwenda kuinua madema yao ng'ambo ya mwamba. Hawakurudi.

Simu ilinikuta mjini, mtaa wa Mabawa, kwenye duka la vinywaji, nikiwa nimelifungua jokofu la mtu limelala kifudifudi. Mkuu wa dago ndiye aliyepiga, amesimama juu ya lile jiwe lake. Akasema ngalawa imeonekana imepinduka kwenye fungu la mchanga, watu hawaonekani. Nikamwambia nimesikia. Kisha nikamalizia jokofu. Nilibadilisha nilichokuja kubadilisha, nikajaza gesi, nikasubiri mpaka lipoe, nikamwonyesha mwenye duka barafu inavyoanza kushika. Nilipotoka nje ndipo nilipomwambia mwenye duka kwamba mdogo wangu amepotea baharini. Akanitazama kama mwendawazimu. Nilimwelewa. Lakini ndani yangu hapakuwa na kitu kinachonisukuma, na ninaandika hivi bila kujisifu wala kujitetea.

Walitafuta. Wanaume wa Tongoni wanaijua bahari ile kama mtu anavyojua nyumba yake gizani. Walisema maji yakijaa huingia kwa mlango wa kusini, yakazunguka kisiwa, na yakitoka huchukua kila kitu kwenda nje. Kama wamezama yakiwa yanajaa, tutawaona kwenye mikoko. Kama yakiwa yanatoka, basi Pemba ndiyo itakayowaona, au hakuna. Walikwenda kwenye mafungu yote, wakauliza kila chombo kilichopita. Nami nilikwenda siku mbili tatu, nikatapika, nikarudishwa.

Mama hakukubali kuweka matanga. Majirani walikuja na mikeka yao, akawarudisha. "Nkilie nini?" akawauliza. "Nipeni cha kulilia." Alikaa barazani amejifunga kanga kichwani, anachambua mchele ambao haukuwa na mawe. Ukimsemesha anajibu. Ukinyamaza ananyamaza. Wakati mwingine nilimtazama nikaona tumefanana.

Kisha bamvua likaja, yale maji makubwa ya mwezi, na mwili mmoja ukatoka kwenye mikoko ya Karange.

Sitaeleza ulivyokuwa. Watu wa dago walimpigia mtendaji wa kijiji, akauliza hali ya mwili, akaambiwa, akasema uzikwe huko huko. Kwa desturi ya pwani yetu, aliyeokota maiti ya baharini ndiye mwenye kazi ya kuisitiri. Wakaufunga kwenye turubai, wakachimba pale panapochimbika, wakauswalia, wakaulaza kuelekea kibla. Kabla ya kufukia, mkuu wa dago akakata kipande cha bukta aliyovaa marehemu, akakiosha kwa maji ya chumvi na kukianika, ili wenyewe wakija waonyeshwe. Hiyo nayo ni desturi.

Niliuliza habari za mguu. Mdogo wangu aligongwa na pikipiki barabara ya Pangani miaka ya nyuma, wakamtia chuma ndani ya mfupa wa muundi, na mimi ndiye niliyemlaza nyumbani kwangu mpaka akaweza kukanyaga. Baada ya hapo alikuwa akivuta mguu huo, hasa kwenye mchanga. Mkuu wa dago akanijibu kwa upole kwamba mwili ule haukuwa wa kutazamwa mguu wala mkono, na chuma chenyewe kiko ndani ya mfupa. Nikamwambia nimeelewa.

Kipande cha bukta kilikuwa cha buluu, chenye mistari miwili myeupe pembeni. Mama alikipokea, akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba. "Bukta hii nliifua mwenyewe," akasema. Akalia hapo hapo, kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza, na majirani wakarudi na mikeka. Matanga yakakaa. Nilishughulika na sahani, maji na maturubai ya kukodi. Kila mtu alisema mtoto mkubwa amejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa wakati wazazi wa yule kijana wa Muheza walipofika. Walikuja kwa pikipiki mbili, mama ameshika pochi mbele ya tumbo kwa mikono miwili, mzee amevaa koti zito la milimani kwenye joto la Tongoni. Niliinuka nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akatupa mkono wa pole sote mmoja mmoja, akaketi kwenye mkeka na koti lake. Mkewe alikwenda moja kwa moja kwa akina mama. Akaomba kuonyeshwa kitambaa. Akakitazama muda mrefu, akafungua pochi, akatoa simu, akampa mama yangu.

Ilikuwa picha ya Krismasi. Kijana amesimama mbele ya nyumba ya kambi ya mkonge, anacheka, ameshika kuku kwa miguu. Amevaa bukta ya buluu yenye mistari miwili.

"Aliniambia kapewa na rafiki yake," yule mama akasema. "Sijui nani kampa nani, dada. Lakini ameivaa mwanangu."

Nilidhani wataanza kugombana, na nilikuwa tayari kuinuka kuwaamua. Hawakugombana. Mama yangu alirudisha simu, akasogea kwenye mkeka, akampa mwenzake nafasi ya kukaa. Ndivyo matanga yetu yalivyokuwa ya watu wawili na maiti mmoja.

Polisi walitaja kipimo cha kuchukua mfupa na kuupeleka mbali ukasomwe. Mama alisema mtoto hachimbuliwi ili asomwe. Mzee wa Muheza alimgeukia mkewe, na mkewe akatikisa kichwa. Walikuwa na hofu ile ile, nami niliiona waziwazi ingawa hakuna aliyeitamka. Kaburi lilikuwa moja. Kipimo kingempa mama mmoja mtoto wake na kumwambia mwingine kwamba hana hata mchanga wa kushika.

Kwa hiyo akina mama wakaanza kwenda kaburini wote wawili. Boti ya kupeleka maji na barafu dago ilikuwa inawabeba. Mara ya kwanza yule mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuingia chomboni, aliketi chini kabisa kwenye sakafu ya boti, akafumba macho, akashika kifundo cha mguu wa mama yangu mpaka tukafika. Alikuwa ameleta msalaba mdogo wa mbao, ameufunga ndani ya kitenge. Tulipofika kaburini akaufungua. Mama yangu akauona.

"Mwenzangu, huyu kalazwa kibla," akasema.

"Nimeambiwa," yule mama akajibu. "Ila mimi bila hiki sijui nitamwombea vipi."

Walisimama hivyo, jua linachoma, na watu wa dago wamejitia shughuli na nyavu zao ili wasisikie. Mwisho mama yangu akasema abaki nao mkononi, asomee nao, aondoke nao. Wakakubaliana. Kichwani pa kaburi wakasimamisha kipande cha ubao wa ile ngalawa, hakijaandikwa kitu. Mama akasoma Yasini. Yule mwingine akaimba wimbo wa kanisani kwa Kishambaa, polepole, macho yameelekea mikokoni. Nilikaa nyuma yao kwenye dumu tupu. Nilikuwa nawaza kwamba boti ile injini yake inakohoa na itatuzimia njiani.

Baadaye walizoeana kuliko ndugu. Yule mama akija kutoka Muheza huleta magimbi na ndizi, mama humfungia nguru mkavu na dagaa. Hupigiana simu na kusemana. Mama yangu alimfundisha kukaa chomboni bila kushika mguu wa mtu, na yeye akamfundisha mama kupika magimbi ya nazi kwa namna ambayo mama anasema ni ya kikafiri lakini tamu. Mzee hakuja mara nyingi. Akija hukaa pembeni na koti lake, ananiuliza habari za mafriji, kitu gani hasa kinachofanya hewa iwe baridi. Nilimweleza mara nyingi. Nadhani alikuwa hana haja ya jibu.

Mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili ya mama tu. Mke wangu aliniita jiwe. Alisema kwa utani kwanza, kisha bila utani. Alisema mtu gani anafiwa na mdogo wake wa pekee halafu hata hamu ya kula haimpungui. Nilikula, nililala, nilitengeneza. Watu walipotaja jina lake nilisikia jina, basi. Wakati mwingine nilijaribu makusudi. Nilijilaza, nikamkumbuka akivuta mguu kwenye mchanga, nikasubiri. Hakikuja kitu. Nilianza kuogopa kwamba ndivyo nilivyo, kwamba hata mama akienda nitashughulika na sahani.

Lawama nyingine nililitupia lile kaburi. Nilikuwa nafika pale na moyo unaniambia, pengine siye. Nikisema nimlilie, pengine namlilia mtoto wa mzee wa Muheza. Nikisema siye, pengine ninamkana mdogo wangu kichwani pake. Akina mama waliweza kulia juu ya pengine. Mimi sikuweza.

Ukapita mwaka na ushei. Kisha mkuu wa dago akapiga simu tena.

Ulimi wa mchanga wa Karange hauna makao. Kaskazi ikivuma husukumwa upande mmoja, kusi ikija hurudi upande mwingine, na wavuvi huhamisha vibanda vyao bila kununa. Lakini mwaka ule kusi ilikuwa kali na mchanga uliokwenda haukurudi wote. Mkuu wa dago akasema maji yamefika miguuni pa kaburi. Mabamvua mawili zaidi na kaburi litakuwa limekwenda. Aliongeza kwamba juu, karibu na kichaka, pana mchanga wa kutosha mahali wanapopikia, na wamekubaliana kuhamisha jiko lao.

Tulikutana nyumbani kwa mama: mimi, mama, wazee wa Muheza, mkuu wa dago, na mwalimu wa madrasa wa kijijini kwetu. Mwalimu alisema bahari ikishalifikia kaburi, kulihamisha ni ruhusa, hakuna kizuizi. Nikauliza kwa nini asiletwe bara kabisa, Tongoni, kwenye makaburi ya kwetu, tukaachana na mambo ya boti. Mama yangu ndiye aliyenijibu.

"Akija kwetu atakuwa wa kwetu," akasema. "Na huyu mwenzangu atakuwa mgeni. Na akae kule kule."

Yule mama wa Muheza akamshika mkono. Kisha mkuu wa dago, ambaye ni mtu mwema asiyejua kunyamaza, akasema: "Sasa si ndiyo vizuri? Tutamjua. Mwaka umepita, ni mifupa tu. Mguu ukiwa na chuma ni wa hapa. Usipokuwa nacho ni wa Muheza. Mambo yaishe."

Hakuna aliyemwangalia. Nilisikia kuku wa jirani wakipigana uani. Yule mama aliuachia mkono wa mama yangu, akaweka mikono yake yote miwili juu ya pochi.

"Hayaishi," mama akasema mwishowe. "Ya mmoja yataisha. Ya mwingine ndo yataanza." Akanigeukia mimi, si mkuu wa dago. "Mumhamishe, msimtazame. Atakayetazama, asije akala kwangu."

Mzee wa Muheza akakubali kwa kichwa. Mkewe akaanza kulia bila sauti. Niliwaelewa. Walikuwa wamejenga kitu juu ya kutojua, na kilikuwa kimewashikilia. Lakini sikuwa upande wao. Nilitaka kujua. Nilitaka sana, na hilo lilinishangaza, kwa kuwa kwa muda mrefu sikuwa nimetaka chochote. Nikakubali pamoja na wengine.

Mwalimu ndiye aliyetoa njia. Kwetu maiti anaposhushwa kaburini, watu hushika shuka na kulitandaza juu, na walioingia ndani hufanya kazi yao chini yake bila kuonwa. Akasema tutafanya vivyo hivyo wakati wa kumtoa. Wataingia wawili, mmoja wa kila upande. Watapapasa, hawatatazama. Mtu mmoja akaguna juu ya Mkristo kuingia kaburini, mwalimu akamuuliza kama yeye ndiye aliyefiwa.

Tulikwenda maji yakiwa yametoka. Akina mama wakabaki ndani ya boti iliyotia nanga kwenye maji ya magoti, maana kwetu wanawake hawasimami kaburini wakati wa kuchimba, wakajifunika kanga moja kichwani dhidi ya jua. Watu wa dago walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi jipya kule juu, majivu ya jiko bado yanaonekana kwenye mchanga waliotoa. Mkuu wa dago akapunguza mchanga wa kaburi la zamani mpaka turubai likaonekana. Kisha wakatandaza shuka, watu wanne kwenye pembe nne, wakageuza nyuso zao pembeni.

Mzee wa Muheza alivua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Ndiyo mara ya kwanza kumwona bila koti. Mabega yake yalikuwa membamba, mikono mirefu yenye makovu ya miiba ya mkonge. Tukaingia. Ndani palikuwa na joto na mwanga mweupe wa shuka, na harufu ya chumvi tu. Nilichagua upande wa kichwa. Nilichagua hivyo makusudi, kwa sababu mikono yangu inajua chuma kuliko kitu kingine chochote, na sikuiamini.

Tuliinua. Nilitarajia uzito, nikakosa. Kilichokuwa ndani ya turubai kilikuwa chepesi kama kuni kavu, na hilo nalo sikulihisi, nililitambua tu. Tukapiga hatua ya kutoka. Upande wa mzee turubai lilikuwa limeoza, likachanika. Nilimsikia akivuta pumzi. Akapiga goti moja, akaingiza mikono yote miwili chini kushika kilichokuwa kinaanguka. Nilifumba macho, kama tulivyoahidi. Nilisikia mchanga ukimwagika, kisha sikusikia kitu. Alikaa hivyo kwa muda. Nikamwita, "Mzee?" Akasema, "Nimeshika. Twende."

Watu walio nje walitupokea na kitambaa cheupe kipya, tukafunga yote pamoja, mwalimu akatangulia. Tukapanda mchanga mpaka juu, tukamlaza, tukafukia. Ubao wa ngalawa ukasimamishwa kichwani. Mwalimu akaomba dua. Mzee wa Muheza alisimama mikono ameiachia pembeni, midomo inacheza, sijui kwa maneno gani.

Wenzetu walibaki kujenga jiko lao upya. Sisi wawili tukashuka kwenye maji kunawa, kabla ya kwenda botini walipokuwa akina mama. Alinawa muda mrefu, mpaka viwiko. Alikuwa ametoka bila koti lake, nikamwambia atalisahau. Akasema, "Lipo." Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Kijana wangu, huyu mke wangu, mtamruhusu aendelee kuja?"

Nilikuwa na maji viganjani. Nikayaacha yakamwagika. Baba aliyemzika mwanawe haombi ruhusa ya kwenda kaburini kwake. Yule mzee alikuwa ameushika mguu kwa mikono yake miwili, amekikuta chuma, na tangu pale alikuwa amebeba, amezika, ameomba, na sasa alikuwa anamwombea mkewe nafasi kwenye kaburi la mtoto wa watu. Wa kwake bado alikuwa baharini. Hatotoka tena.

"Aje," nikasema. "Aje kama siku zote, mzee. Mama hatosikia kitu kwangu."

"Wala wangu hatosikia kwangu," akasema.

Nilitaka kuongeza neno la kumpa pole. Badala yake nilijikuta nimekaa ndani ya maji, na nguo zangu zote, ninalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu, ninamlilia mdogo wangu, ambaye nilikuwa nimetoka kumbeba kichwa na sikujua ni chake. Niliumia. Niliumia vibaya sana.

Mzee akahama haraka, akaja kusimama kati yangu na boti, akiwa amewaelekea akina mama, ili wamwone yeye na wasinione mimi. Mkono mmoja aliurudisha nyuma, akauweka juu ya kichwa changu. Mkono mwingine aliuinua kumpungia mkewe kwamba mambo yamekwenda salama, na akaendelea kupunga mpaka nilipomaliza kulia.